Truman na viwanda vya chuma: siku 55 zilizopima mamlaka ya rais wa Marekani

Jumanne, tarehe 8 Aprili 1952, saa 4:30 usiku kwa saa za Washington, Rais Harry Truman aliketi mbele ya kamera na vipaza sauti kuwahutubia Wamarekani. Muda uliobaki ulikuwa saa moja na nusu. Ikifika saa sita na dakika moja usiku, wafanyakazi wa viwanda vya chuma wangegoma, na wakati huo askari wa Marekani walikuwa vitani Korea. Truman alisema nchi haiwezi kuruhusu chuma kikatike huku vijana wake wakiwa mstari wa mbele. Akatangaza kwamba serikali inavichukua viwanda hivyo usiku uleule. Amri yenyewe, namba 10340, ilimwelekeza Waziri wa Biashara, Charles Sawyer, atwae sehemu kubwa ya viwanda vya chuma vya Marekani na kuviendesha.

Kulipokucha, wakuu wa kampuni hizo walikuta wamekalia viti vilevile kwa cheo kingine. Sawyer alikuwa amewateua marais wa kampuni wawe mameneja waendeshaji kwa niaba ya serikali. Kazi iliendelea, na matanuri yakabaki na moto.

Msomaji wa Kiswahili akisikia rais ametwaa viwanda, neno linalomjia haraka ni kutaifisha, na kumbukumbu inayokuja nalo ni Azimio la Arusha. Kuna tofauti mbili za kushika mapema. Kwanza, Truman hakuchukua umiliki. Alichukua uendeshaji, tena kwa muda, hadi mgogoro wa mishahara upatiwe ufumbuzi. Pili, na hapa ndipo penye uzito wa kisa chote: Tanzania ilipotaifisha mabenki Februari 1967, Bunge lilipitisha sheria ya kuyahamisha mwezi uleule. Truman hakuwa na sheria yoyote ya Bunge mkononi iliyomruhusu kufanya alichofanya. Alikuwa na saini yake.

Kesi iliyozaliwa usiku ule, kwa jina la mojawapo ya kampuni hizo na la Waziri Sawyer, inaitwa Youngstown Sheet & Tube dhidi ya Sawyer, na hadi leo hakuna anayezungumzia mipaka ya rais wa Marekani bila kuitaja. Wengi huisimulia kama ugomvi wa rais na majaji. Mimi kila nikiirudia naiona kuwa kisa cha Bunge zaidi: lile ambalo Bunge lilikuwa limeshasema, lile lililolikataa kwa makusudi, na jinsi lilivyokaa kimya pale rais alipolibishia hodi.

Mgogoro ulivyofika hapo

Vita vya Korea vilianza Juni 1950. Truman alipeleka majeshi bila Bunge kutangaza vita, akakubali viitwe operesheni ya polisi chini ya Umoja wa Mataifa. Jambo hilo lilionekana dogo wakati ule, ila miaka miwili baadaye mawakili wake walipolitaja neno vita mbele ya majaji, walijikuta wakiulizwa ni vita ipi, na nani aliyeitangaza.

Septemba 1950 Bunge lilipitisha Sheria ya Uzalishaji kwa Ajili ya Ulinzi, iliyoipa serikali uwezo wa kudhibiti bei na mishahara ili vita visilete mfumuko. Matokeo yake, mwenye kiwanda hakuweza kupandisha bei ya chuma bila kibali, na mfanyakazi hakuweza kupata nyongeza kubwa bila bodi ya serikali kuikubali. Pande zote mbili zilikuwa zikiitazama serikali.

Mikataba ya wafanyakazi wa chuma, ambao chama chao kiliongozwa na Philip Murray, ilikuwa inakwisha tarehe 31 Desemba 1951. Truman aliupeleka mgogoro kwenye bodi ya mishahara, na Murray akakubali kuahirisha mgomo. Machi 1952 bodi ikapendekeza nyongeza ya kama senti 26 kwa saa, ukijumlisha mshahara na marupurupu. Kampuni zikajibu kwamba hazitalipa bila kuruhusiwa kupandisha bei kwa dola 12 kila tani. Serikali ikaona dola 12 ni kuwaumiza wananchi bila sababu. Truman aliamini kampuni zilikuwa zikipata faida nono na zilikuwa zikitumia vita kama kisingizio, na kwenye hotuba ya usiku ule hakuficha hasira yake juu yao.

Nataka kumtendea haki hapa. Huyu hakuwa mtu wa kutafuta himaya. Waziri wake wa Ulinzi, Robert Lovett, alieleza kwamba mstari wa mbele kule Korea ulikuwa ukishikiliwa kwa wingi wa risasi na mizinga ili maisha ya askari yaokoke, na silaha hizo zilitokana na chuma. Tanuri la kuyeyushia chuma nalo halizimwi kama jiko la mkaa. Lazima lipozwe taratibu, la sivyo huharibika, na kulirudisha kazini kunachukua siku. Mgomo hata wa muda mfupi una gharama inayoanza kabla ya saa yake na kuendelea baada ya wafanyakazi kurudi. Rais aliyekuwa na picha hiyo kichwani alikuwa na hofu ya kweli.

Hofu hiyo ndiyo inayoifanya kesi hii istahili kusomwa kwa makini. Kumwekea mipaka rais mwovu hakuna anayepinga. Swali gumu linakuja rais anapokuwa na nia njema na sababu ya kueleweka.

Milango iliyokuwa wazi

Truman alikuwa na njia za kisheria. Ya kwanza ilikuwa Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947. Chini yake rais angeunda jopo la uchunguzi, kisha akaiomba mahakama izuie mgomo kwa siku 80 huku mazungumzo yakiendelea. Truman aliichukia sheria hiyo. Aliipigia kura ya turufu kuikataa mwaka 1947, na Bunge likaipitisha hivyohivyo kwa kura za theluthi mbili. Sababu aliyoitoa mwaka 1952 haikuwa ya chuki tu: wafanyakazi walikuwa wameshasubiri siku 99 kwa hiari yao, kutoka mwisho wa mikataba hadi tarehe 8 Aprili. Kuwalazimisha wasubiri 80 nyingine, wakati waliokataa pendekezo la bodi ni waajiri, aliona ni kumwadhibu aliyekuwa mtiifu. Ukilitazama kama suala la haki kati ya mwajiri na mfanyakazi, mimi niko upande wake.

Njia ya pili zilikuwa sheria mbili, moja ya 1948 na nyingine ile ya 1950, zilizoruhusu serikali kutwaa mali katika hali fulani. Serikali yenyewe ilikiri kwamba masharti ya sheria hizo hayakutimizwa, ikadai kwamba taratibu zake zilikuwa ndefu na zenye usumbufu mno kwa dharura iliyokuwapo.

Njia ya tatu ilikuwa kuliomba Bunge sheria mpya. Hii aliigusa kwa ncha ya kidole. Asubuhi ya tarehe 9 Aprili alilipelekea Bunge taarifa ya alichokifanya, akasema kama lina njia iliyo bora liichukue. Akaandika tena tarehe 21 Aprili. Bunge halikuidhinisha, wala halikumpinga. Lilikaa.

Ila kuna jambo lililofanyika kabla ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililomfunga. Mwaka 1947, Bunge lilipokuwa likijadili Sheria ya Taft-Hartley, yaliletwa marekebisho ya kumpa rais uwezo wa kutwaa viwanda wakati wa migogoro ya kazi. Yakakataliwa. Si kwamba halikuwahi kuliwaza jambo hilo. Lililiwaza, likalipima, likasema hapana. Miaka mitano baadaye rais alifanya kilekile kilichokataliwa.

Mahakamani kwa Jaji Pine

Wenye viwanda hawakulala. Nusu saa haikupita tangu hotuba imalizike, mawakili wao walikuwa wameshafika nyumbani kwa Jaji Walter Bastian wa mahakama ya shirikisho jijini Washington, wakiomba amri ya zuio usiku uleule. Aliwapangia kesho yake. Jaji Alexander Holtzoff aliwasikiliza, akawanyima zuio la haraka. Shauri likamwangukia Jaji David Pine, ambaye alilisikiliza tarehe 24 na 25 Aprili.

Upande wa serikali alisimama Holmes Baldridge, msaidizi wa Mwanasheria Mkuu. Alikuwa na hoja nyepesi za kumtosha: kwamba kampuni zinaweza kulipwa fidia zikishinda baadaye, kwa hiyo hakuna haja ya zuio, kwamba swali la Katiba lisiguswe kama kesi inaweza kuamuliwa bila kuligusa. Hoja hizo zilikuwa na nguvu, Holtzoff alikwisha kuzielekea. Lakini Pine alimvuta kwenye maji ya kina, na Baldridge akaingia kwa miguu yake.

Pine alimuuliza: kwa hiyo mnadai kwamba wakati wa dharura mtendaji mkuu ana mamlaka haya makubwa?

Baldridge akajibu kwamba ni sahihi.

Na kwamba ni yeye anayeamua ipi ni dharura, na mahakama haziwezi hata kuchunguza kama dharura ipo?

Ni sahihi.

Jaji akaendelea. Je, wananchi walipoipitisha Katiba yao waliweka mipaka kwa Bunge, wakaweka mipaka kwa mahakama, lakini hawakumwekea mipaka mtendaji? Ndivyo mnavyosema? Baldridge akajibu: ndivyo tunavyoisoma Ibara ya II ya Katiba, ile inayohusu mamlaka ya rais.

Soma majibu hayo polepole. Wakili wa serikali ya nchi iliyoanzishwa kwa kumkataa mfalme amesimama mahakamani na kusema mtendaji hana mpaka wa kikatiba. Vitu vinavyomzuia rais alivitaja viwili tu: sanduku la kura, na kushtakiwa Bungeni na kuondolewa. Sasa kumbuka kalenda. Tarehe 29 Machi 1952, siku kumi tu kabla ya kutwaa viwanda, Truman alikuwa ametangaza kwamba hatagombea tena. Kizuizi cha kwanza kati ya viwili alivyovitaja Baldridge kilikuwa hakipo. Rais asiyerudi kwa wapiga kura hana cha kuogopa kwenye sanduku lao.

Magazeti yaliwaka moto, na yalikuwa na sababu ya ziada. Wiki moja kabla, kwenye mkutano na waandishi wa habari tarehe 17 Aprili, Truman aliulizwa kama anaweza kutwaa pia magazeti na vituo vya redio. Alijibu kwamba katika mazingira ya namna hiyo rais anapaswa kufanya lolote lililo bora kwa nchi. Sasa majibu ya Baldridge yakayapa maneno hayo sura ya sera. Ikulu ilijaribu kurudi nyuma. Truman aliandika barua akieleza kwamba mamlaka ya rais yanatokana na Katiba na yamewekewa mipaka na Katiba hiyohiyo, na serikali ikapeleka mahakamani maelezo ya nyongeza ya kupunguza makali. Neno lilikuwa limeshatoka.

Tarehe 29 Aprili Pine alitoa hukumu, na hakuacha pa kujishikiza. Alisema hata mgomo ukija na maafa yake yote, madhara yake kwa umma yatakuwa madogo kuliko mahakama kukubali kwa woga kwamba yapo mamlaka ya mtendaji yasiyo na kikomo. Saa hiyohiyo wafanyakazi wakaanza kutoka viwandani. Kesho yake mahakama ya rufaa, kwa majaji watano dhidi ya wanne, ikaisimamisha hukumu ili Mahakama ya Juu iamue, na wafanyakazi wakarudi.

Wazee wawili na majaji tisa

Mahakama ya Juu ilisikiliza shauri tarehe 12 na 13 Mei. Kwa niaba ya kampuni alizungumza John W. Davis, mwenye umri wa miaka 79, aliyegombea urais kwa tiketi ya chama cha Democratic mwaka 1924. Alisema kwa muda mrefu, majaji wakimwacha aseme. Alifunga kwa maneno ya Thomas Jefferson: katika masuala ya mamlaka, tusizungumzie tena kumwamini mtu, tumfunge kwa minyororo ya Katiba asitende madhara. Upande wa serikali, Philip Perlman alipigwa maswali kila alipofungua kinywa.

Lazima niliseme hili kuhusu Davis, kwa sababu wanaomsifu kwa siku ile hulipita kimya. Miezi saba baadaye, Desemba 1952, alirudi katika ukumbi uleule kuitetea South Carolina iliyotaka watoto weusi waendelee kutengwa shuleni. Minyororo ya Katiba aliyoililia Mei kwa ajili ya matajiri wa chuma hakuitaka iwafikie watoto wale. Hoja yake ya Mei ilikuwa sahihi. Inauma kujua ni nani aliyeitoa.

Majaji wote tisa waliokuwa benchi waliteuliwa na Franklin Roosevelt, rais aliyemtangulia Truman, au na Truman mwenyewe. Wanne walikuwa wa Truman: Jaji Mkuu Fred Vinson, Harold Burton, Tom Clark na Sherman Minton. Clark alikuwa Mwanasheria Mkuu wake. Kwa hesabu za siasa, Truman alikuwa na kila sababu ya kulala usingizi.

Jumatatu tarehe 2 Juni 1952 ikasomwa hukumu: sita dhidi ya watatu, na Truman ameshindwa. Burton na Clark walikuwa miongoni mwa sita waliompinga. Jaji Hugo Black aliandika hukumu ya wengi, fupi na isiyo na kona. Mamlaka ya rais, alisema, lazima yatoke ama kwenye sheria ya Bunge ama kwenye Katiba yenyewe. Sheria ya Bunge haipo. Katiba inamtaka rais ahakikishe sheria zinatekelezwa kwa uaminifu, na mwenye kazi ya kutekeleza sheria si mwenye kazi ya kuzitunga. Cheo cha amiri jeshi mkuu nacho hakimpi uwezo wa kutwaa mali ya watu binafsi ndani ya nchi ili kuzuia mgomo. Kazi hiyo ni ya watunga sheria.

Vinson aliwapinga, akiungwa mkono na Stanley Reed na Minton, na hoja yake ina uzito ambao wanafunzi wengi wa sheria hawaupi nafasi. Alirudi kwenye historia, akiorodhesha marais waliotenda kwanza na kuliarifu Bunge baadaye, Lincoln akiwa mbele yao. Akasema Truman hakujitwalia utawala. Alishikilia hali ilivyo ili Bunge lipate nafasi ya kuamua, akaliarifu asubuhi iliyofuata. Kumfanya rais awe tarishi wa kubeba barua, asiyeweza kufanya lolote hadi aambiwe, ni kuiacha nchi mikono mitupu siku ya hatari. Kama Bunge lisingekuwa limelijadili na kulikataa jambo lilelile mwaka 1947, ningeweza kushawishika na Vinson.

Jackson na maji ya bahari

Katika waliokuwa wengi, kila jaji aliandika maoni yake. Yaliyobaki hai ni ya Robert Jackson, na ni kwa sababu ya mtu mwenyewe na alikotoka.

Jackson alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Roosevelt. Juni 1941, kabla Marekani haijaingia vitani, Roosevelt alitwaa kiwanda cha ndege cha North American Aviation kule Inglewood, California, kwa sababu ya mgomo, na aliyeitetea hatua hiyo hadharani alikuwa Jackson. Mwaka 1952 serikali ikamrushia maneno yake mwenyewe. Alijibu kwamba jaji hawezi kuyachukua matamko ya wakili wa upande mmoja kuwa mwongozo wa Katiba, hata kama wakili huyo alikuwa yeye mwenyewe. Sijui hukumu nyingi ambamo mtu amejisahihisha waziwazi namna hiyo.

Alikuwa pia ametoka Nuremberg, alikokuwa mwendesha mashtaka mkuu wa Marekani dhidi ya viongozi wa Wanazi. Ndani ya maoni yake alieleza jinsi katiba ya Ujerumani ya baada ya vita vya kwanza ilivyomruhusu rais kusimamisha haki wakati wa dharura. Kwa miaka 13 serikali za kila mrengo zilikitumia kifungu hicho zaidi ya mara 250. Mwishowe Hitler akamshawishi Rais Hindenburg asimamishe haki zote, na hazikurudishwa tena. Aliyeandika hivyo alikuwa ameyasoma mafaili yenyewe.

Aliungama kwamba ukiwatafuta waasisi wa taifa wakuambie walimaanisha nini kuhusu mamlaka ya rais, unakabidhiwa mafumbo kama zile ndoto ambazo Yusuf alitakiwa kumfasiria Firauni. Kwa hiyo alitoa kipimo cha kazi. Mamlaka ya rais, alisema, hayakai mahali pamoja. Hupanda na kushuka kulingana na yanavyokutana na ya Bunge. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, maana ni kujaa na kupwa.

Rais akitenda kwa ruhusa ya Bunge, iliyotamkwa au inayoeleweka, maji yamejaa: ana mamlaka yake yote pamoja na yote ambayo Bunge linaweza kumpa, na anayempinga ana kazi nzito. Rais akitenda pale ambapo Bunge halikuruhusu wala halikukataza, yuko kwenye utusitusi, saa ile ya magharibi ambapo mtu humtambui hadi akukaribie. Hapo matukio yenyewe huamua kuliko nadharia, na uzembe wa Bunge unaweza kumkaribisha rais. Rais akitenda kinyume cha matakwa ya Bunge, maji yamekupwa. Anabaki na kile tu ambacho Katiba imempa yeye peke yake, na mahakama inapaswa kumchunguza kwa ukali, kwa sababu anachokidai kinagusa mizani yote ya dola.

Truman aliwekwa kwenye kundi la tatu. Bunge lilikuwa limeweka njia za kushughulikia migomo, na kutwaa viwanda kwa namna ile hakukuwamo. Kuhusu cheo cha amiri jeshi mkuu, Jackson alisema Katiba ilimfanya rais amiri wa jeshi na wanamaji, haikumfanya amiri wa nchi, viwanda vyake na wakazi wake.

Kisha, karibu na mwisho, akaandika sentensi ambayo kwangu ni nzito kuliko kipimo chenyewe. Hana ndoto, alisema, kwamba hukumu yoyote ya mahakama inaweza kuyaweka mamlaka mikononi mwa Bunge kama Bunge lenyewe halina busara na halitendi kwa wakati. Akakumbusha msemo unaohusishwa na Napoleon, kwamba zana ni za yule anayeweza kuzitumia.

Baada ya hukumu

Siku ileile Truman alimwandikia Sawyer arudishe viwanda. Alikasirika, lakini alitii, na kutii huko kusichukuliwe kama jambo la kawaida. Mahakama haina askari wa kumlazimisha rais. Jaji William Douglas alisimulia baadaye kwamba Black aliwaalika rais na majaji wenzake nyumbani kwake Alexandria. Truman alikuwa mkali kidogo mwanzoni mwa jioni, hadi alipokunywa akamwambia mwenyeji wake kwamba sheria yake haimpendezi sana, ila pombe yake ni nzuri.

Mgomo ulianza na ukadumu siku 53, zaidi ya watu nusu milioni wakiwa nje ya viwanda. Truman aliliomba Bunge sheria ya kutwaa viwanda. Lilikataa, likamwomba atumie Taft-Hartley, naye hakutumia. Tarehe 24 Julai aliwaita Ikulu Murray na Benjamin Fairless wa U.S. Steel, na makubaliano yakapatikana siku hiyo. Kampuni ziliruhusiwa kupandisha bei kwa dola 5.20 kwa tani, chini ya nusu ya zile 12 za mwanzo.

Mmoja wa vijana waliokuwa wakimsaidia Jackson kazi za ofisi mwaka ule aliitwa William Rehnquist. Mwaka 1981, akiwa sasa jaji, ndiye aliyeandika hukumu ya kesi ya Dames & Moore. Wamarekani 52 walikuwa wameachiliwa baada ya siku 444 za kushikiliwa Iran, na sehemu ya makubaliano ilikuwa rais kuzifuta amri za mahakama zilizoshikilia mali za Iran na kuyahamishia madai ya kampuni za Marekani kwenye baraza la usuluhishi la kimataifa. Hakukuwa na sheria iliyomruhusu waziwazi kuyasimamisha madai hayo. Rehnquist alichukua kipimo cha Jackson, akasema Bunge kwa miaka mingi liliwaona marais wakimaliza madai ya namna hii na halikupinga, kwa hiyo ukimya wake ulikuwa ridhaa. Rais akashinda. Utusitusi uleule ambao Jackson aliuonya ukawa mlango.

Bunge nalo lilijaribu kufunga milango. Mwaka 1976 lilipitisha Sheria ya Dharura za Kitaifa: rais anaweza kutangaza dharura, lakini Bunge linaweza kuifuta kwa azimio lake lenyewe, bila saini ya rais. Mwaka 1983, katika kesi ya Chadha, Mahakama ya Juu iliamua kwamba maazimio ya Bunge yasiyopelekwa kwa rais hayana nguvu ya sheria. Bunge likarekebisha sheria mwaka 1985. Tangu hapo, kuifuta dharura kunahitaji azimio linalopita kwa rais yuleyule aliyeitangaza, naye ana turufu. Angalia ilivyogeuka. Truman mwaka 1952 alihitaji Bunge liseme ndiyo. Rais wa leo anahitaji tu theluthi mbili zisipatikane za kusema hapana.

Mwaka 2019 mtambo huo ulionekana ukifanya kazi. Donald Trump aliomba dola bilioni 5.7 za ukuta wa mpaka wa kusini. Bunge, baada ya ofisi za serikali kufungwa kwa siku 35 kwa kukosa bajeti, likampa bilioni 1.375. Tarehe 15 Februari alitangaza dharura ili achukue fedha zilizotengwa kwa majengo ya jeshi. Baraza la Wawakilishi likapiga kura kuifuta, 245 dhidi ya 182. Seneti nayo ikapiga, 59 dhidi ya 41, wakiwamo maseneta 12 wa chama cha rais. Mabaraza yote mawili ya Bunge yalikuwa yamesema hapana, jambo ambalo Bunge la 1952 halikuthubutu kulifanya. Trump akaweka turufu tarehe 15 Machi. Tarehe 26 Machi Baraza la Wawakilishi lilijaribu kuivunja: 248 waliunga mkono, 181 wakapinga. Theluthi mbili ilikuwa 286. Zilipungua kura 38, na dharura ikaendelea.